Safari Isiyofika Bariadi

Neno safari ni la Kiswahili, lakini mataifa mengi yameliazima, na kama ilivyo ada ya vitu viazimwavyo, limerudi kwa mwenyewe limechakaa. Katika vitabu vya wageni safari si mwendo tena wa mtu atokaye nchi moja kwenda nyingine. Ni kutazama wanyama kwa siku kadhaa kutoka garini, kisha kujilaza juu ya mchanga wa pwani. Mtu mwenye majuma matatu ya mapumziko hupangiwa hivi: hushukia Kilimanjaro, huenda Arusha, Manyara, Ngorongoro na Serengeti, halafu hupanda ndege ndogo katikati ya mbuga, akashuka Unguja. Hapo husemwa kuwa ameiona Tanzania. Kusema hivyo ni kosa, na kosa lisilokanushwa kwa muda mrefu hugeuka kuwa elimu.

Wapangaji wa safari za namna hii huichora Serengeti kama nyumba yenye mlango mmoja, nao uko mashariki. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1951 na yenye eneo la kilomita za mraba 14,763, ina upande wa magharibi vilevile. Mito ya Grumeti na Mbalageti hutiririkia huko mpaka Ghuba ya Speke katika Ziwa Viktoria, na aghalabu katika miezi ya Mei na Juni makundi ya nyumbu hupita katika ukanda huo. Lango la Ndabaka liko kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma, karibu na Lamadi, wilayani Busega. Na kutoka Lamadi barabara ya lami huenda Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu uliozaliwa mwaka 2012. Katika mkoa huohuo limo Pori la Akiba la Maswa, lililopakana na Serengeti. Basi Bariadi haiko mbali na njia. Njia ndiyo iliyokwepeshwa Bariadi.

Hata hivyo, jiografia ni sehemu ndogo ya shtaka. Sehemu kubwa ni haki. Tembo apigwaye picha mchana hifadhini huenda ndiye avukaye mpaka usiku na kuingia katika mahindi na mtama wa mkulima wa Bariadi, Itilima au Meatu. Mkulima huyo hukesha shambani, silaha yake ni tochi na debe la kupiga. Mazao yakiliwa, kanuni za mwaka 2011 hazimpi fidia, bali kifuta jasho. Akijeruhiwa au akiuawa, hutolewa kifuta machozi. Hapa lugha imesema kweli kuliko walivyokusudia watunga kanuni: jasho hufutwa, halilipwi, machozi hupanguswa, msiba ukabaki. Mtu huyu huchangia uhai wa wanyama kwa chakula chake na usingizi wake, na pengine kwa roho yake. Mgeni anayefaidi mchango huo, kisha akaruka juu ya paa la mchangiaji bila kununua kwake hata kibaba cha mchele, amekula karamu na kupita mlango wa nyuma asimwone mwenye nyumba.

Watetezi wa ratiba wana hoja mbili. Ya kwanza ni kuwa Bariadi haina hoteli za kifahari. Hoja hii huzunguka kama ng'ombe wa kinu cha mafuta: wageni hawaendi kwa kuwa hakuna hoteli, na hoteli hazijengwi kwa kuwa wageni hawaendi. Lazima mtu mmoja atoke katika duara, na mwenye majuma matatu ana nafasi ya kutoka kuliko mwenye siku tatu. Hoja ya pili ni kuwa Usukuma hauna bahari. Ni kweli, na ziwa lina kichocho, tena mahali pengine lina mamba na viboko; asiyejua asioge ovyo. Lakini pwani haikuumbwa kwa ajili ya kuogelea tu. Mchanga unaoanikwa dagaa, mitumbwi irudiyo alfajiri, na wanawake wanaopatana bei ya samaki ni pwani pia, na yenye mafunzo mengi.

Tena si kweli kuwa Usukuma na bahari havijuani. Katika karne ya 19 Wasukuma, pamoja na jirani zao Wanyamwezi, walichukua mizigo ya misafara kwa miguu mpaka Bagamoyo. Hao ndio waliolipa neno safari uzito wake. Waliunganisha bara na pwani kwa nyayo, na kila kituo kilikuwa na watu, chakula, salamu na habari. Ndege ya leo huunganisha bara na pwani kwa kufuta kila kilicho kati yake.

Wasomi nao hawana udhuru. Wako wahitimu wa Dar es Salaam waijuao Nungwi kwa likizo na London kwa masomo, ambao hawajapata kuitazama pamba ikichanua Simiyu, wala kusikia mashindano ya ngoma ya Bagalu na Bagika. Humcheka mtalii kwa ratiba yake, kumbe nao wameikariri.

Tiba si ngumu. Mwenye majuma matatu na aanzie Mwanza, aione Bujora yenye makumbusho ya Wasukuma. Aende Lamadi na Bariadi, alale humo, ale kwa wenyeji, awaulize habari za tembo. Ndipo aingie Ndabaka, aikate Serengeti mpaka Ngorongoro, na kuteremka kwa gari kupitia Usambara hadi Pangani na Saadani, ambako mbuga hukutana na bahari. Unguja ikija mwisho, itakuja kwa haki yake. Mtu huyo atakuwa amewaona simba wachache pengine, lakini atakuwa amesafiri. Na wa Bariadi asigeuzwe mwanasesere wa kuchezea wageni ngoma: ahesabiwe mwenyeji, apishwe katika ratiba kama mtu anavyopishwa mlangoni pake.