Nyumba Moja, Jamaa Mbili



Mtu akopaye fedha ili anunue nyumba, mara nyingi huiweka nyumba ile ile kuwa rehani. Asipolipa, aliyemkopesha huitwaa na kuiuza. Ndivyo yalivyowapata watu wengi wa Marekani tangu mwaka 2007. Walitoka na watoto na vyombo vyao, nyumba zikabaki tupu. Madirisha yakavunjwa, majani yakaota mlangoni, na jirani aliyelipa deni lake barabara akaona thamani ya nyumba yake inashuka.

Mwaka 2008 serikali ya nchi ile ilitoa dolari zaidi ya bilioni 3.9, ili majimbo na miji inunue nyumba za namna hiyo, izitengeneze, kisha iziuze au izipangishe. Kazi njema. Lakini nani aingie kwanza?

Sheria iliamuru fedha zitangulie kwenda mahali palipoumia zaidi. Tena ikasema: jamaa ambayo mapato yake hayazidi asilimia 120 ya mapato ya kati ya mahali pale yaweza kupokelewa. Basi tuwaze mwalimu mwenye mshahara wa kila mwezi, na mjane afuaye nguo za watu. Wote wawili wamo katika sheria. Wakikutana mlangoni pa nyumba moja, nani atashinda? Mwalimu, kwa kuwa yeye hupata mkopo upesi, na wakubwa wa mji walipewa miezi 18 tu kuzipangia fedha zile kazi yake.

Kwa hiyo sheria iliongeza neno: angalau robo ya fedha iwe ya kuwapatia nyumba wale ambao mapato yao hayazidi nusu ya mapato hayo ya kati.

Robo hiyo yanikumbusha Torati ya Musa. Mwenye shamba alikatazwa kuvuna mpaka pembeni. Masuke yaliyobaki yalikuwa ya maskini na ya mgeni. Angalieni vema: hayakuwa zawadi ya moyo mwema. Yalikuwa haki yao, iliyotengwa kabla mundu haujaingia shambani.

Mtu atauliza, «Mwalimu amekosa nini?» Hakukosa neno. Yeye pia ana watoto wa kulaza, na mtaa usio na watu wa mshahara hausimami. Ndiyo maana sehemu iliyobaki haikufungwa mbele yake. Lakini kumpa aliyefika kwanza si haki sikuzote, kwa maana mwenye nguvu ndiye afikaye kwanza.

Basi ninyi mnaogawanya viwanja, karo za msaada au unga wa parokia, andikeni fungu la mnyonge kabla ya kufungua mlango. Mkingoja mpaka watu wamekwisha kusimama mbele yenu, mtamwona ndugu, mtamwona rafiki, mtamsikia mwenye sauti kubwa. Na mjane atarudi kwake, mtoto mgongoni, mikono mitupu.