Mashine za ukungu: mnunuzi apime hewa kabla ya pampu

Mfugaji wa kuku wa nyama anayetaka mashine ya kupuliza ukungu bandani kwa kawaida huanza na bei ya pampu na idadi ya nozeli. Unyevunyevu wa hewa ya mahali alipo haumo katika hesabu, na hapo ndipo mtaji unapozama.

Ukungu hupooza pale matone yanapogeuka mvuke na kuchukua joto la hewa. Hewa iliyokwisha shiba maji haipokei mvuke zaidi. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevunyevu wa asilimia 30, hali isiyo ngeni Dodoma mchana wa kiangazi, yaweza kushuka hadi nyuzi 20 hivi. Yenye asilimia 70, kama ilivyo mara nyingi Dar es Salaam au Mombasa, haishuki chini ya nyuzi 27, na hicho ni kikomo ambacho mashine nyingi hazikifikii.

Kwa mfugaji wa Pwani hasara ni mbili. Kuku hatoi jasho, hujipooza kwa kuhema. Banda likijaa mvuke bila feni, hata njia hiyo huzibwa. Fedha za Pwani zianzie kwenye feni.

Kipimo chenyewe ni rahisi: vipimajoto viwili, kimoja kifungwe kitambaa kibichi na kupepewa, saa nane mchana. Tofauti ikiwa nyuzi 5 au pungufu, pampu ibaki dukani.

Mwenye hewa kavu ndiye apige hesabu ya nozeli. Nozeli 30 za lita 5 kwa saa hunywa lita 150, yaani lita mbili na nusu kwa dakika. Pampu ya lita 3 yatosha. Ile ya lita 10, ambayo muuzaji huisifia kwa "upanuzi wa baadaye", ni fedha iliyolala. Kwa saa 8 zinahitajika lita 1,200 kila siku, na wanaonunua maji ya boza wajue hivyo mapema.

Mtambo wa bei poa unaotegemea msukumo wa bomba hutoa matone makubwa. Hayo hayageuki mvuke, huanguka na kulowesha maranda, na maranda mabichi huleta harufu kali ya amonia na koksidia. Ukungu mwembamba hutaka pampu ya baa 70 hivi, pamoja na chujio zuri, kwani maji ya visima vyenye chumvi huziba nozeli haraka.