Imewaka, Lakini Haijaamka

Wapenzi wa lugha, kwa miaka mingi tumeshindana juu ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Muda wote huo tumebishania majina, na vitenzi tumeviacha bila mlezi. Rai yangu ni kwamba Kiswahili cha teknolojia kimepungukiwa na vitenzi kuliko nomino, na upungufu huo unawagharimu wanafunzi wetu. Mfano mmoja utatosha.

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine. Haina chuma wala nyaya zake yenyewe. Kumbukumbu na nafasi ya diski hukopeshwa na mwenyeji wake. Kwa mashine kama hiyo, mwalimu mwenye kompyuta moja huweza kufundisha namna ya kusakinisha Linux bila kuhatarisha kazi zilizomo. Jina lake limekaa vizuri: mkulima wa mpunga huita pepe ile punje isiyo na kiini, nasi tulikwisha kulizoea neno hilo katika barua pepe.

Tatizo hutokea mashine inapoanzishwa. Dirisha hufunguka, maandishi meupe hutokea katika weusi, kisha huja ujumbe kwamba hakuna diski ya kuanzia, na kila kitu husimama. Mwanafunzi husema, "Mwalimu, haiwaki." Mwalimu hutazama na kujibu, "Mbona imewaka?" Wote wawili wanasema kweli, ila wamelazimika kubebesha kitenzi kimoja matendo mawili. Kuwasha ni kuipa mashine nguvu, kama taa. Kuamsha ni kuutafuta mfumo endeshi ulipo na kuukabidhi kazi. Mashine hii imewaka, lakini haijaamka.

Waingereza hulitaja tendo hilo la pili kwa neno "boot", lililotokana na vikanda vya buti ambavyo mtu, kwa mzaha, hujiinua navyo mwenyewe kutoka chini. Picha hiyo ni ya kwao, nasi hatuna haja ya kuiazima. Tunayo kuamka na kuamsha, na unyambuaji utatupa uamshaji na zamu ya kuamsha.

Tazama maelezo yanavyonyooka. Kabla ya mfumo endeshi kuamka hutangulia programu ndogo iitwayo bayosi, jina lililozaliwa miaka ya 1970 katika mfumo wa CP/M wa Gary Kildall. Siku hizi kompyuta nyingi humtumia mrithi wake, UEFI. Bayosi hubisha hodi mlango kwa mlango, kwa sidii, kwa diski kuu, hata kwa mtandao, ikitafuta mfumo wa kuamsha. Mpangilio wa milango hiyo ndio zamu ya kuamsha. Diski kuu yenye mfumo ikitangulia, sidii ya kusakinishia haitafikiwa. Sidii ikitangulia na isitolewe baada ya kazi, usakinishaji unaweza kukurudia kila uwashapo.

Katika VirtualBox, zamu hiyo hupangwa kwenye mipangilio ya mfumo, mashine ikiwa imezimwa. Kitufe cha F12 mwanzoni humwezesha mtu kuchagua mlango kwa safari hiyo moja tu. Katika VMware Workstation, F2 hufungua bayosi, lakini nembo hupita upesi mno, na vitufe havisikiki mpaka ubofye ndani ya dirisha. Wenye uzoefu huongeza mstari wa bios.bootDelay = "5000" katika faili la mashine lenye mwisho wa .vmx, ili ingoje sekunde 5.

Asiye na kitenzi cha jambo hili hukariri vitufe kama hirizi: F2 hapa, F12 kule. Akipewa mashine nyingine, hirizi haifanyi kazi, naye hujiona mjinga. Ajuaye kwamba anatafuta zamu ya kuamsha ataitafuta katika mashine yoyote, hata menyu zikiwa za Kiingereza.

Yuko atakayepinga kwamba kuamsha hutumika tayari kwa kompyuta iliyolala kwa muda. Pingamizi hilo lina uzito, lakini jibu limo humu humu nyumbani. Aliyesinzia huzinduka, na aliyelala fofofo huamka. Basi kompyuta iliyosinzia tuizindue, na iliyozimwa tuiwashe, kisha tuiamshe.

Baraza la Kiswahili la Taifa lina kazi ya kusanifu istilahi tangu 1967, lakini haliwezi kusanifu neno ambalo hakuna aliyelitamka. Malenga hupima neno kwa mizani na vina. Ninawaomba walipime pia kwa tendo. Kabla ya kutunga jina jipya la kifaa, tujiulize kifaa hicho kinafanya nini, na kama mwanafunzi anaweza kulisema tendo hilo kwa lugha yake.