Soko si mbuga ya wanyama

Wadau, nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa Hoi An, mji mkongwe ulio katikati ya Vietnam kando ya mto Thu Bon, nikajiandikisha darasa la mapishi la siku moja. Cheti ninacho. Na sasa nina la kusema.

Madarasa haya yamejaa Hoi An kama vijana wa spice tour walivyojaa Forodhani. Ratiba zake zinafanana: asubuhi mnapelekwa sokoni, kisha mnapanda mashua, mnapika vyakula vitatu au vinne, mnakula mlichopika, mnaagana. Darasa letu tulikuwa 11. Kila mmoja alivalishwa kofia ya ukindu yenye ncha, nami nikavaa, nikapiga na picha. Sijitoi.

Sokoni tulikaa dakika 25. Kiongozi wetu, kijana mcheshi kweli, alishika mchaichai akauliza nani anaujua. Wazungu kimya. Mimi nikacheka, kwetu tunachemshia chai. Akaja na nanaa, mrehani, giligilani, binzari mbichi, ndimu. Nilijibu yote mpaka nikawa kero kwa wenzangu. Ila kulikuwa na majani ambayo sikuwahi kuyaonja, moja wanaliita rau ram, lina ukali unaokuja nyuma ya ulimi baada ya kumeza. Hapo ningependa tukae. Hatukukaa. Muda ulitumika kupiga picha.

Na hili ndilo linalonikera. Mama mmoja alikuwa amechuchumaa nyuma ya mafungu yake ya mboga. Watu 11 tukamzunguka na kamera, wengine wakamsogezea karibu na uso kabisa. Mteja wake wa kweli, bibi mwenye kikapu, akashindwa kupita, akaenda kununua kwa mwingine. Mama yule akashusha kofia yake ikafunika uso. Mimi, mwandishi wa habari niliyefundishwa kuomba ruhusa, nikabonyeza pale pale, maana kofia ile iliyoshuka ilikuwa picha nzuri.

Hatukununua hata fungu moja. Vitu vyote vilikuwa jikoni tayari, vimeoshwa na kukatwakatwa.

Nimewahi kuwa upande wa pili, ndiyo maana iliniuma baadaye. Shangazi yangu aliuza ndimu na pilipili Darajani kwa miaka mingi. Watalii wakija yeye hugeuka ukutani. Siku moja nilimwambia asikasirike, wageni wanaleta pesa. Akaniuliza: "Wameleta kwa nani?" Nilikuwa mtoto, sikuwa na jibu. Hoi An iliingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1999, Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000. Miji miwili ya bandari, miwili ya biashara ya zamani, na swali la shangazi linafaa kote kuwili.

Nilimuuliza kiongozi wetu. Akasema wauzaji wamezoea, na utalii umeinua mji mzima. La pili silipingi. Mapishi haya yanawapa watu kazi, yeye mwenyewe akiwemo. Lakini kuzoea si kuridhia. Mwanafunzi wa mapishi apewe orodha na dong zake mkononi, aambiwe nenda kanunue mrehani, kosea, punjwa, rudi. Kamera ibaki mfukoni mpaka umenunua kitu. Na yule mama anayejua jani lipi linaliwa na samaki na lipi na nyama, akigeuzwa mwalimu wa dakika kumi, alipwe kama mwalimu.

Haya, jikoni. Nisiwadhulumu, jikoni kulikuwa kuzuri. Tulipika banh xeo: unga wa mchele, maji na binzari, unamimina kwenye kikaango cha moto mpaka kilie "sheee", na jina lake linatokana na mlio huo. Ndani unatia kamba na choroko zilizochipua. Wao hutia na nguruwe. Nilipoomba msamaha wangu mwalimu alinitengea kikaango kingine bila kununa. Aliposema kusini mwa nchi wanachanganya na tui, nikahisi nimekutana na binamu wa mkate wa kumimina. Chakula kikishaiva unakifunga kwenye majani mabichi, unachovya kwenye nuoc mam iliyochanganywa na ndimu, sukari, kitunguu saumu na pilipili. Hiyo nuoc mam ni samaki wadogo aina ya dagaa na chumvi, huachwa kwenye mapipa mwaka mzima au zaidi. Ikiwa peke yake inanuka. Lakini aliyelelewa na ng'onda hatishwi na harufu.

Mwalimu alizungumza, sisi tukakoroga. Nyuma yetu wanawake wawili walikuwa wanaosha, wanakata, wanawasha majiko, na banh xeo yangu ilipong'ang'ania kikaango ni mmoja wao aliyekuja kuibandua kwa mkono mmoja huku anaongea na mwenzake. Hawakutambulishwa.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilirudi sokoni peke yangu. Hakuna kofia za ncha za kukodi wakati huo, kuna pikipiki na akina mama wa mjini. Mama wa mboga alikuwepo. Nikanyooshea rau ram na nanaa, akaandika bei kwenye kikokotoo, na sina shaka ilikuwa bei ya mgeni. Nikalipa. Akaongeza fungu dogo la mrehani juu, nyongeza, kama kwetu. Nikamuonesha kamera, nikainua nyusi kuuliza. Akatikisa kichwa.

Ile ya jana nikaifuta mbele yake. Ndiyo maana safari hii hamuoni picha.