Bukavu: Sashe ya asubui inazima umeme mangaribi

Katika muji wa Bukavu, mvua ikianza kunyesha, kuna kazi inayofanyika mbio katika parseli nyingi: gunia la takataka linatolewa nje na kumwangwa mutaroni. Maji yanabeba. Mbele ya mulango panabaki safi. Mangaribi umeme unakatika, na mutu yule yule anasimama barazani kuilaumu SNEL.

SNEL ina deni lake kwa wakaaji, na mashini za Ruzizi 1, baraji iliyojengwa kabla ya uhuru, zimezeeka. Lakini takataka zile hazikupotea. Kutoka Kadutu zinateremuka mpaka muto Kawa, na Kawa unazimwanga ndani ya Ziwa Kivu. Ziwa hilo lina njia moja tu ya kutoka maji yake: muto Ruzizi, unaoanzia pale pale Bukavu. Kinachoelea kinafuata maji. Kilometa chache chini, sashe na chupa zinaziba vyuma vinavyochunga mashini za baraji. Wafanyakazi wanazitoa siku kwa siku, na uchafu ukiwashinda, mashini inasimama.

Giza likiingia, mama anawasha babula. Makala yanatafutwa na wengi, na sehemu yake inatoka katika pori la Kahuzi-Biega, makao ya gorila, ambalo UNESCO iliweka katika urizi wa dunia mwaka 1980, na tangu 1997 limeandikwa kati ya yale yaliyo hatarini. Kwa hiyo sashe iliyofunga chumvi ya franga kidogo inafika hadi kuangusha muti kule porini.

Wengine watajibu kwamba Kadutu nyumba zinapandana, shimo la takataka litachimbwa wapi? Ni kweli, lakini nusu tu. Sehemu kubwa ya uchafu wa jikoni ni maganda ya ndizi na ya mihogo, na vijiti vya sombe. Hivyo vinaoza, na mwenye kufuga mbuzi ao nguruwe anavihitaji. Chupa nayo haikosi mwenyewe: wauza mawese na kasiksi wanaitafuta. Inabaki sashe. Hiyo iwekwe peke yake ndani ya gunia kavu, isichanganywe na maganda, na itachukua siku nyingi kabla gunia lijae. Tena mama anayeenda sokoni na kitunga chake, kama bibi zetu walivyofanya, hahitaji sashe sita kwa mboga ya siku moja.

Gunia likijaa, lipelekwe wapi? Hapa serkali isijifiche nyuma ya wamama. Mwezi wa 12 mwaka 2017, waziri mukuu Bruno Tshibala alitia sahihi amri ya kukataza kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko ya plastiki. Leo sokoni Kadutu hata nyanya tatu zinafungwa ndani ya sashe, na mukusanya kodi anapita hapo kila asubui bila kusema neno.

Na salongo ya siku ya posho? Vijana wanazibua mutaro, wanarundika matope na sashe pembeni ya barabara, wanaenda kuoga. Rundo linabaki pale mpaka mvua inalirudisha ndani. Kodi ya soko inayolipwa kila siku inunue basi mafuta ya lori moja, lipite siku ile ile ya posho, kabla ya mvua.