Dhambi Imesamehewa, Uria Yu Kaburini



Katika vikao vya usuluhishi husikika neno hili: "Nimekwisha kutubu, Mungu amenisamehe; mnanidai nini tena?" Aliyekula fedha za korosho za wenziwe hulisema, naye aliyemwondoa mjane katika shamba la marehemu mumewe hulisema vilevile. Sisi wasikilizaji, kwa kuogopa kuonekana tuna kinyongo, hunyamaza. Kikao hufungwa kwa sala, na mjane hurudi nyumbani mikono mitupu.

Tusome tena habari za Mfalme Daudi katika Kitabu cha Pili cha Samweli, tangu sura ya 11. Alimtwaa mke wa Uria, kisha akampa Uria mwenyewe apeleke vitani barua iliyoamuru auawe. Nabii Nathani alipomkemea, Daudi alikiri, na papo hapo akatangaziwa msamaha. Msamaha ule ulikuwa wa kweli; hatuna ruhusa ya kuupunguza. Lakini Uria hakufufuka. Mtoto aliyezaliwa alikufa, jambo tunalolisoma kwa uzito wa moyo, maana mtoto hakuwa na kosa. Amnoni akamnajisi Tamari, Absalomu akamwua Amnoni, kisha akamwasi baba yake. Mfalme aliyesamehewa alitoka Yerusalemu bila viatu, akilia. Na Shimei alipomrushia mawe na laana njiani, Daudi aliwakataza watu wake wasimnyamazishe. Hapo ndipo tunapoiona toba yake kuliko mahali pengine pote.

Kusini mwa nchi yetu twalijua jambo hili. Katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, vilivyofika hata Masasi, majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji na mashamba, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Waliokufa hukadiriwa kufikia 300,000. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha. Tunauheshimu unyenyekevu huo. Hata hivyo, ukoo wa Nduna Songea Mbano, aliyeuawa mwaka 1906, ulikuwa bado ukitafuta kichwa chake, wala Rais hakusema kwamba kwa kuomba msamaha shauri limekwisha: aliahidi kusaidia kukitafuta.

Kwa hiyo tunawasihi viongozi wa walei, Lulindi na kote Masasi na Newala: shauri likiletwa, aliyedhulumiwa aulizwe kwanza amepoteza nini, na jibu lake liandikwe kabla ya sala ya kufunga. Zakayo alijitolea mwenyewe kurudisha mara nne. Wetu wengi hawana uwezo huo, nasi hatumtaki mtu auze paa la nyumba yake. Arudishe kidogo kidogo. Msimu wa korosho ukifika, alete sehemu ya kwanza mbele ya mashahidi wale wale walioisikia toba yake.