Mwenyeji Naye Apone

Nimeketi katika baraza za washairi kwa zaidi ya miaka 30, na humo nimesikia tukizozana juu ya vina vya kati, juu ya urari wa mizani, na juu ya shairi lisilo vina, kama laitwa shairi ama laitwa jina jingine. Sikumbuki hata siku moja tuliyozozana juu ya foronya. Leo nataka tuzozane juu ya foronya. Najua wako watakaocheka, na wacheke. Ila nawaomba wakishamaliza wasome mpaka mwisho, kwa kuwa shutuma ninayoileta hapa nimeanza kuielekeza kwangu mwenyewe.

Shemeji yangu, mjane wa marehemu kaka yangu, anakaa Kiwengwa. Asiyepajua ni kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, katika Wilaya ya Kaskazini B, kiasi cha kilomita 40 kutoka Mjini. Wazee wetu walipajua kwa dau, kwa nyavu na kwa wanawake waliofukia makumbi mchangani ili baadaye wasokote kamba. Tangu miaka ya 1990 pamejulikana kwa mahoteli, na wageni wengi wa mahoteli hayo ni Wataliano, hata vijana wa pale ambao hawakudumu skuli wanakisema Kitaliano kwa ufasaha wa kuuza na kununua. Shemeji hasemi Kitaliano. Yeye anashona foronya za mito, ukumbini kwake, karibu na mlango ambako mwanga hauchelewi kuingia wala hauharakishi kutoka.

Kazi yake nimeitazama sana, na sioni aibu kusema kuwa imenifundisha. Kitambaa cheupe cha pamba hukiosha kwanza ili kirudi, maana kikishonwa kipya kitarudi siku ya kufuliwa na kuyakunja maneno. Kisha hukinyoosha, hukipiga mistari kwa penseli, na kabla ya kuchora herufi yoyote huzihesabu zote. Huanzia katikati ya mstari akaelekea pembeni, huku na huku, ili maneno yasije yakabanana upande mmoja na kuacha uwazi upande wa pili. Hapo ndipo kitambaa hutandwa juu ya duara la mbao na sindano ikaanza, kwa mshono wa mnyororo kwenye herufi na mshono wa kujaza kwenye maua. Charahani huja mwisho kabisa, kuunganisha uso na mgongo. Zamani mto wenyewe ulijazwa sufi. Siku hizi mingi hujazwa sponji, lakini foronya haijabadilika: ni kitambaa kidogo chenye neno.

Na neno ndilo kiini cha ugomvi wangu. Katika nyumba zetu foronya ya kudarizi haikuwa pambo la macho tu. Bibi harusi aliingia kwa mumewe na foronya zake, na zilikuwa zimekwisha kusema mengi kabla yeye hajafungua mdomo. Nyingine zilimtakia mumewe usingizi mwema, nyingine zilimwombea dua, nyingine zilimpiga kijembe wifi ambaye angekuja kutandika kitanda. Ni jamaa ya kanga, na kama kanga, husema lile ambalo mwenyewe angeona haya kulitamka.

Sasa nisimulie kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita mnunuzi wa hoteli moja ya pale alifika kwa shemeji, akazipenda foronya zake, akaagiza nyingi. Shemeji alikuwa amedarizi methali ambayo kila msomaji wangu anaijua: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliipanga kwa mistari miwili, herufi 9 juu na 13 chini. Mnunuzi alilalamika kuwa mstari wa chini ni mrefu, wageni hawausomi, na kazi inachukua muda. Akaambiwa kuwa yuko jamaa Mjini, mshairi na mfasiri, ambaye ataweza kuyafupisha maneno. Jamaa huyo ni mimi. Nilifika, nikanyweshwa kahawa hotelini, nikaombwa nipendekeze maneno mafupi matamu, na jioni ile ile nikayatoa. Kwenye methali ya shemeji nilifanya kama afanyavyo kinyozi: nikabakisha Mgeni njoo, nikaukata mstari wa chini.

Nilipompelekea shemeji karatasi ya maagizo, aliisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba kilichobaki kimeandikwa huko, akaniuliza: "Na mwenyeji je, shemeji? Asipone?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Nitaongeza jambo moja ili msomaji apate kunihukumu kwa haki. Malipo niliyopewa mimi kwa jioni moja ya kukata maneno yalizidi malipo aliyopata yeye kwa wiki mbili za kuyadarizi.

Tuitazame methali ile kwa macho yetu ya kishairi. Mgeni njoo ni mizani 5. Mwenyeji apone ni mizani 6. Waliotunga walimzidishia mwenyeji mizani moja, nami sidhani kuwa walikosea hesabu. Ujio wa mgeni ni sharti tu, na kupona kwa mwenyeji ndiyo natija yake. Ukikata nusu ya pili unabaki na mwito wa mpiga debe. Ndiyo maana nasema kuwa ukataji ule haukuwa wa urefu wa kitambaa. Ulikuwa wa maana, na aliyeukata alijua anachokikata, kwani kazi yake ya kila siku ni kupima maneno.

Yanayofanyiwa foronya ya kudarizi yanafanyiwa kanga pia, na kwa wingi zaidi. Ingia katika maduka ya vitu vya wageni, ya pwani au ya Mjini, utaona mito iliyovishwa kanga. Upande mmoja wa kanga una urefu wa kama mita 1.5 na upana wa kama mita 1, na fundi hodari hutoa humo nyuso 6 za mito, 3 kwa 2. Mji wa kanga hukaa katikati ya uso na pindo hukaa kando. Jina, ule mstari ulioandikwa juu ya pindo la chini, hukatika vipande au huangukia sakafuni pamoja na nyuzi. Nimewahi kuokota kipande kilichosema "nyota ya" na hakikusema zaidi. Anayeijua kanga anajua kilichopotea: Usisafirie nyota ya mwenzio, mizani 12 zilizogawika 6 kwa 6, urari ambao wengi wetu huutoka jasho.

Na hapa pana kinyume kinachoniuma. Inasimuliwa kuwa katika karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walinunua vitambaa vya leso vilivyochapwa juu ya jora, vikiitwa kwa neno lililotoka kwa Wareno, wakavikata 6, wakavishona 3 kwa 2, wakapata vazi moja pana. Huko ndiko kanga ilikotoka, na ndiyo maana Mombasa mpaka leo huiita leso. Baadaye likaja jina, kwanza kwa herufi za Kiarabu kisha kwa hizi za Kirumi, na nguo ikapata ulimi. Bibi zetu waliunganisha vipande 6 wakapata nguo inayosema. Sisi twaichukua nguo inayosema, twaikata vipande 6, nayo hunyamaza.

Najua majibu nitakayopewa, maana baadhi yake nilijipa mwenyewe usiku ule.

Watasema mgeni hasomi Kiswahili, basi maneno ya nini? Mgeni hasomi Kiarabu pia, na bado huipiga picha milango ya Mji Mkongwe yenye maandishi yaliyochongwa juu yake. Hakuna seremala anayeambiwa ayaparure kwa kuwa wageni hawayasomi. Asiyejua kusoma hufasiriwa. Mimi ni mfasiri. Kazi yangu ilikuwa kuandika kijikaratasi chenye maana ya methali nzima na kukishikiza ndani ya foronya. Nililipwa kuikata ilhali ningeweza kulipwa kuieleza.

Watasema kanga si yetu, huchapwa India na kwingineko, basi tunalilia nini? Kweli nguo ilichapwa mbali, na merikani yetu pia ilitoka mbali kama jina lake linavyotangaza. Lakini maneno yalitoka hapa. Hakuna kiwanda cha ng'ambo kilichobuni kijembe cha wake wenza. Tukiacha neno likatwe, tutakuwa tumetupa ile sehemu ambayo hakuna anayeweza kudai kuwa ameileta kwa meli.

Watasema, na hili ndilo jibu zito, kuwa wanawake wale wana watoto wa kulisha. Mshairi aliyeshiba asiwazuie kushona wanachoagizwa. Nakubali nusu yake. Shemeji alishona Mgeni njoo, akazishona zote, kwa sababu mjukuu wake alidaiwa sare za skuli. Simlaumu yeye hata kidogo. Lakini msiniambie kuwa neno na riziki ni maadui. Katika Mji Mkongwe duka la Sasik lilijipatia jina kwa foronya za vipande zilizoshonwa na wanawake wa hapa, kwa nakshi zilizofuata milango na mapambo ya Kiislamu, na wageni walizinunua kwa sababu zilikuwa za hapa. Foronya isiyosema kitu hushindana na foronya zote za dunia, nazo ni rahisi kuliko yake. Foronya yenye neno la Kiwengwa haina mshindani.

Na watasema, hasa humu ndani mwetu, kuwa haya ni mambo ya ufundi wa mikono wala hayahusu ushairi. Jibu hili ndilo linalonikasirisha kuliko yote. Mwana Kupona binti Msham alitunga utenzi wake kiasi cha mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, na sehemu kubwa yake inahusu mambo ya nyumba na mume. Tunauheshimu, na tuna haki. Siti binti Saad aliuza vyungu kabla ya kuuza sauti, na mwaka 1928 sauti hiyo ilinaswa katika sahani za santuri huko Bombay. Tunajivunia, na tuna haki. Yaani tunalikubali neno la mwanamke likishatoka ndani na kuingia kitabuni au kwenye santuri. Likiwa bado liko juu ya mto tunaliita urembo. Mimi sikusoma chuo chochote. Ushairi nilijifunza kwa kusikiliza na kwa kuazima vitabu. Lau ningepimwa kwa kipimo tunachompimia shemeji, hata ukurasa huu nisingepewa.

Nina mapendekezo matatu, nayo hayahitaji kamati wala mfadhili.

La kwanza ni kwa mafundi na wenye maduka. Mnapokata kanga kwa ajili ya mito, anzeni kupima kwenye jina. Likae zima juu ya uso mmoja, au mlikunje mistari miwili, kisha nyuso nyingine zikatwe kwa kilichobaki. Mtapoteza labda uso mmoja katika sita, na mtauza mmoja kwa bei ya miwili.

La pili ni juu ya jina la mshonaji. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye nyumba yake ya biashara ilianza mwaka 1887, alitia alama yake juu ya kanga, "Mali ya Abdulla", na wanawake wa pwani nzima wanaitambua alama hiyo mpaka leo. Mwenye kuuza ameweka jina lake kwa zaidi ya karne moja. Mwenye kushona na aweke lake, hata kwa herufi mbili za uzi kwenye pembe ya ndani, na jina la kijiji chake chini yake.

La tatu ni kwetu sisi watunzi na wafasiri. Tukiombwa maneno na hoteli, tuyatoe mazima au tusitoe. Na tunapolipwa, tuulize kwanza mwenye sindano analipwa nini, na tusikubali kulipwa zaidi yake kwa neno ambalo limetoka kinywani mwake. Mimi sikuuliza.

Mwezi uliopita nilikwenda Kiwengwa kumjulia hali. Juu ya kochi palikuwa na foronya mpya, si ya kuuza. Mstari wa juu hauna kitu, umeachwa mweupe. Chini, kwa uzi mwekundu, pameandikwa mwenyeji apone. Nilimwuliza kwa nini hakuumaliza. Akasema wa juu nimeuza mimi, yeye amebakiwa na huu.

Hayo ndiyo yangu. Mwenye kutaka kunijibu na anijibu humu humu kurasani, kwa shairi au kwa nathari. Ila asije akaniambia kuwa tulikuwa tunazungumza juu ya mito.